Ramani ya Mtu Anayetembea

Wakati wa likizo mpwa wangu mmoja, kijana wa sekondari, alifika nyumbani kwangu na daftari la hesabu, lile la miraba. Nikadhani anajisomea. Kumbe anachora mapango! Vyumba, vichochoro, ngazi za kushukia chini, mlango wa siri nyuma ya ukuta, na shimo la kumtumbukiza asiyeangalia anakokanyaga. Nilipomuuliza mapango hayo yako wapi, alinijibu, "Hayako popote, mjomba. Ni ya mchezo."

Mchezo wenyewe ulitoka Marekani mwaka 1974, na waliouandika ni Gary Gygax na Dave Arneson. Mtu mmoja huchora mahandaki na kuyaficha. Wenzake hawaioni ramani yake; huambiwa kwa mdomo tu kwamba mmekwenda futi 30, sasa mko njia panda, upande wa kushoto panasikika maji. Mmoja wao hushika penseli akachora yale anayosikia, kila mraba futi 10. Akikosea kona moja, kundi zima limepotea.

Nilitaka kumkemea kwa kupoteza karatasi. Lakini kadiri nilivyozidi kumsikiliza, ndivyo nilivyozidi kuikumbuka Masasi ya mwaka 1906.

Mwaka huo alifika huko Dakta Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig. Hakukusudia kwenda kusini. Alikuwa amepangiwa upande wa Kondoa Irangi, machafuko ya huko yakamfanya ageuzwe njia, akashukia Lindi. Kusini nako vita vya Majimaji vilikuwa vimepita karibuni tu. Misheni ya Masasi, iliyoanzishwa mwaka 1876 kwa watumwa waliokombolewa, ilikuwa imechomwa mwaka 1905. Basi katika nchi hiyo yenye majivu akaingia mtaalamu na kamera, mashine ya kunasa sauti, mashine ya picha za sinema, na pia karatasi na penseli. Penseli hizo aliwapa watu wachore wanachotaka.

Miongoni mwa waliochora alikuwamo mnyapara wa wapagazi wake, aliyejulikana kwa jina la Pesa Mbili. (Sidhani kama ndilo jina alilopewa na baba yake, lakini ndilo lililoingia kitabuni.) Wengine walichora wanyama, wengine ngoma na watu. Na katika michoro hiyo ya wapagazi, iliyochapishwa Ujerumani mwaka 1908, imo ramani ya njia kuu ya misafara, ile inayotoka Dar es Salaam kwenda Tabora, pamoja na vituo vyake.

Hebu fikiri, msikilizaji. Mpagazi hajapata kuiona njia hiyo kutoka juu. Ameijua kwa nyayo na kwa mzigo ulio kichwani. Anajua leo tulilala hapa, kesho tutafika pale penye maji, kesho kutwa ni nyika tupu. Akipewa karatasi, anaushusha mwendo huo juu yake, kituo baada ya kituo. Bwana mpima ardhi hupanda kilimani, tuseme mlima Mtandi pale Masasi, akaitazama nchi yote imelala chini yake. Lakini handaki halina mlima wa kupanda. Aliyemo ndani anajua hatua alizopiga na kona alizopinda, basi. Ndiyo maana yule kijana mwenye penseli na mpagazi huyo wanafanya kazi ya namna moja.

Ukipanda kutoka Masasi kwenda uwanda wa Makonde, jambo hili linazidi kuonekana. Kule Newala zamani palikuwa na vichaka vilivyoshonana, na vijia vyembamba vilivyopita humo kama mahandaki ya majani. Vichaka hivyo vilikuwa boma. Wangoni walipoivamia Masasi mwaka 1882 na kuondoka na mateka, baadhi ya watu wa misheni walihamia Newala. Nchi ambayo mgeni hupotea ndani yake ilikuwa salama kuliko nchi ya wazi. Ramani ya vijia hivyo ilikaa kichwani mwa mwenyeji, na nadhani kumchorea mtu usiyemjua ingekuwa sawa na kumpa ufunguo wa nyumba. Njia ya Tabora ilikuwa ya wote, haikuwa na siri. Sisemi kwamba Weule alikuwa jasusi, ila alitembea chini ya serikali iliyotoka kupigana na watu haohao, na penseli yake haikuwa ya mchezo.

Ramani huweza pia kuua hadithi. Wakazi wa Tanga wanajua simulizi la mbwa aliyeingia mapango ya Amboni akatokea Kilimanjaro. Mwaka 1994 Wajerumani na Waturuki walipima mapango kumi ya huko, wakaona kwamba refu kuliko yote halizidi kiasi cha mita 900. Mbwa wetu amekwama! Lakini ni mapango hayohayo yaliyowaficha Osale Otango na Paulo Hamisi miaka ya 1950. Mita 900 za giza si haba kwa mtu anayesakwa.

Niliyasema haya yote kwa mpwa wangu, naye akasikiliza kwa adabu huku anachonga penseli. Kisha akaniuliza swali moja tu: watu wa Newala, wakikaa huko juu vichakani, maji waliyapata wapi? Nikamwambia uwanda ule hauna maji juu. Kinamama walishuka mabondeni na kupanda tena na mitungi kichwani, mwendo wa saa nzima na zaidi.

Akanyamaza. Akachukua raba, akakifuta kisima alichokuwa amekichora karibu na mlango wa pango lake, akakihamishia chini kabisa, kwenye ukurasa wa pili, mbali na ngazi.