Hospitali ya Nanfang: Kutoka Mikononi mwa Jeshi

Hospitali ya Nanfang, jina lenye maana ya "upande wa kusini", iliyoko wilaya ya Baiyun, kaskazini mwa jiji la Guangzhou nchini China, ilianzishwa mwaka 1941, ikawa kwa miongo mingi hospitali ya kufundishia ya chuo kikuu cha tiba cha jeshi, hadi mwaka 2004 chuo hicho kilipokabidhiwa kwa mkoa wa Guangdong na kuitwa Chuo Kikuu cha Tiba cha Kusini. Leo imo katika daraja la tatu A, yaani ngazi ya juu katika mfumo wa China wa kupanga hospitali, ngazi ambayo kwa kiasi fulani hufanana na ya hospitali zetu za rufaa, ingawa mgonjwa hahitaji barua ya kituo cha chini ili apokewe. Huanza na guahao, yaani kujiandikisha, kuchagua idara mwenyewe na kulipia namba ya kumwona daktari, kisha huenda akapewa vidonge, au mizizi na magome ya kuchemshwa, kwa kuwa tiba zote mbili, ya kisasa na ya jadi ya Kichina, hutolewa chini ya paa moja.