Gundi ya Mgunga: Kutoka kwa Waandishi wa Misahafu hadi Kadi za Watoto Wetu



Siku chache kabla ya Idi alitujia mzazi mmoja na kadi aliyoichora binti yake nyumbani kwa rangi za maji. Ilikuwa na mwezi mwandamo, jani la mgomba, na salamu za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Akauliza: "Maalim, huku si kupoteza wakati? Angekuwa anadurusu juzuu yake." Kusema kweli, zamani nasi tulikuwa tukiwanyang'anya watoto rangi darasani. Tulimwomba akae kidogo.

Rangi ya maji ni unga wa rangi uliosagwa laini ukachanganywa na gundi ya mgunga, ambayo Waarabu huiita samgh. Maji yakikauka, gundi ndiyo inayoushikilia unga juu ya karatasi. Bila hiyo rangi ingepukutika kama vumbi. Na wino wa masizi walioutumia waandishi wa Misahafu ulitengenezwa vivyo hivyo: masizi ya taa, gundi ile ile, na maji. Hata karatasi ina historia kwetu Waislamu, kwani ilitengenezwa Samarkand na Baghdad tangu karne ya 8, Ulaya ikiwa bado inaandika kwenye ngozi.

Hapa Afrika Mashariki twende Siyu, katika kisiwa cha Pate, Kenya. Katika karne ya 18 na ya 19 waandishi wa mji ule walinakili Misahafu kwa mkono, wakaipamba kwa mistari iliyosukwa na maua, kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Karatasi yenyewe ilitoka Ulaya. Hakuna aliyewaambia kuwa mapambo yale ni mchezo wa watoto!

Tofauti ni kwamba zamani mchoraji alisaga rangi zake mwenyewe. Mwaka 1781 ndugu wawili wa London, William na Thomas Reeves, walitunukiwa tuzo kwa vidonge vyao vya rangi vinavyolowanishwa kwa brashi tu. Ndivyo rangi ilivyoingia majumbani, ikawatosha hata watoto mezani.

Gundi bora bado hutoka Kordofan, Sudan, ambako watu huchanja magome ya migunga wakati wa kiangazi, wakasubiri wiki kadhaa, kisha wakaokota matone yaliyoganda. Vita vilivyoanza Aprili 2023 vimewatesa sana. Allah awape amani.

Tulipomaliza tukamuuliza mzazi yule kadi ni ya nani. Akasema ni ya mama yake, yuko Kigoma. Herufi za kizungu hazijui, bali za Kiarabu anazisoma tangu alipokuwa chuoni, na hajapata kuandikiwa kitu na mjukuu akakisoma mwenyewe.

Tukapatana: juzuu idurusiwe baada ya alasiri, kadi ikauke dirishani.