Jua kali: Vifaa vya karakana vinapopewa kazi ambazo havikuundiwa

MAKANIKA anayetaka kujua ni beringi ipi iliyoanza kuchakaa katika injini hahitaji chombo cha bei ghali. Huchukua bisibisi ndefu, akagusisha ncha yake kwenye chuma cha injini inayonguruma, kisha akaukaza mpini kwenye mfupa ulio kando ya sikio. Mtetemo husafiri ndani ya chuma vyema kuliko hewani, hivyo kelele za jumla humpungukia na sauti ya pale ncha ilipo ikamjia waziwazi. Akiihamisha ncha kutoka kwa pampu ya maji hadi kwa altaneta, mkwaruzo hupanda au hufifia, na ugonjwa wa gari ukajulikana kabla ya nati hata moja kufunguliwa. Sharti ni kwamba ncha, mikono na nguo zikae mbali na feni na mikanda.

Huo ni mfano mmoja tu wa kifaa kilichopewa kazi ya pili. Nchini Kenya, desturi hii imekomaa zaidi miongoni mwa mafundi wa jua kali, walioitwa hivyo kwa sababu walifanyia kazi nje, jua likiwachoma. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliyotolewa mwaka wa 1972 iliitazama sekta hiyo kama chemchemi ya ajira inayostahili kusaidiwa, wala si uchafu wa kufagiliwa mjini. Hata hivyo, kifaa maalumu kwa kila kazi kimebaki kuwa anasa kwa fundi anayeanza, naye hulazimika kutumia alicho nacho.

Mfano mashuhuri ni fuawe. Katika eneo la Kamukunji, Nairobi, ambako milio ya nyundo haikomi tangu asubuhi, kipande cha reli kuukuu hufanya kazi ya fuawe ya kiwandani. Uteuzi huo una busara. Reli iliundwa ivumilie uzito wa magurudumu ya treni bila kubonyea, na mgongo wake uliopinda kidogo unafaa kukunjia bati la masanduku ya wanafunzi wa shule za bweni, karai na majiko. Springi za lori lililokufa nazo hugeuzwa panga, jembe au tindo, kwa kuwa chuma chake hakivunjiki upesi kinapopigwa.

Tupa iliyoisha meno huwa kisu kizuri, lakini hapa ndipo fundi hodari hutambulikana. Chuma cha tupa ni kigumu mno, na kwa sababu hiyo hukatika kama kigae. Anayejua huipasha moto hadi ikawa nyekundu na kuiacha ipoe polepole ndani ya majivu ili ilainike. Akishaichonga, huipasha tena, huizamisha katika mafuta, kisha huirudishia joto kidogo hadi ing'ae kwa rangi ya majani makavu. Anayeruka hatua hiyo ya mwisho humuuzia mteja kisu kitakachokatika jikoni.

Waashi nao hawajaachwa nyuma. Mpira mrefu wa plastiki inayopenya mwanga, ukijazwa maji na kuondolewa mapovu yote, huonyesha usawa wa kuta mbili zilizo mbali kuliko pimamaji ya mbao inavyoweza kufika. Kamba yenye mafundo ya vipimo 3, 4 na 5 ikikunjwa pembetatu hutoa pembe mraba ya msingi wa nyumba. Mnoa visu wa mtaani husimamisha baiskeli yake na kukanyaga pedali ili kuzungusha jiwe la kunolea. Jeki ya gari ikifungwa ndani ya fremu ya chuma nzito huwa mashine ya kusukuma beringi.

Matumizi haya yanafaulu kwa sababu kifaa kinaombwa nguvu ambayo kiliundwa kuihimili. Bisibisi ya makanika haibebi mzigo wowote. Jeki ingali inasukuma tu. Mambo huharibika pale umbo la kifaa linapomshawishi fundi, huku chuma chake kikikataa.

Chukua nyundo mbili. Fundi akitaka kung'oa kitu kilichokwama, huweka nyundo moja hapo na kuipiga kwa nyingine. Nyuso za nyundo zimekazwa kwa moto, na zinapogongana kibanzi huweza kuruka na kupenya jicho. Tindo ambayo kichwa chake kimechanua kama uyoga ina hatari iyo hiyo hadi kingo zinapochongwa. Kugonga bisibisi kana kwamba ni patasi pia huvunja ncha au kuupasua mpini.

Bomba linalochomekwa kwenye spana ni kishawishi kingine. Fundi akivuta kwa nguvu ya kilo 15 mwishoni mwa spana ya sentimita 20, bolti hupata takriban nyutoni-mita 30. Bomba likiurefusha mkono huo hadi sentimita 60, nguvu hupanda hadi karibu 90. Bolti ya kawaida ya milimita 8 hukazwa kwa 25 hivi tu. Ama bolti itakatika, ama spana itateleza na vifundo vya vidole kugonga chuma.

Hakuna kinachotisha kama grenda ya mkononi. Mashine ndogo ya diski ya milimita 115 huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Diski kubwa ya milimita 230 kwa kawaida huruhusiwa mizunguko 6,600 pekee, na idadi hiyo huchapishwa juu yake. Bahati mbaya ni kwamba tundu la katikati la diski zote mbili ni la milimita 22 hivi, kwa hivyo fundi akitoa kifuniko cha kinga, diski kubwa huingia vizuri katika mashine ndogo. Ukingo wake utakimbia mita 132 kwa sekunde, ilhali diski za aina hii huundiwa mita 80. Ikipasuka, vipande hurukia tumbo, shingo au uso wa aliyeishika. Msumeno wa mbao kwenye grenda nao humrudia mtu ghafla unaponasa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi awalinde walio pale, na sheria ya fidia ya mwaka uo huo inamhusu mwajiri na mwajiriwa wake. Fundi aliyejiajiri chini ya mti, bila bima, akipoteza jicho hana wa kumdai.

Miwani ya kinga ingezuia vibanzi vingi. Pasipo nayo, kibanzi kikiingia jichoni kisisuguliwe wala kuvutwa kwa sumaku au kibano, hata kama karakana imejaa vifaa hivyo. Jicho lifunikwe kwa kitako cha kikombe cha karatasi bila kulikandamiza, na majeruhi apelekwe hospitali mara moja.