KIKOMBE CHA KAHAWA, TEMBO WA KAREMA NA HAKI YA MNYAMA

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu zangu, wengi wetu baada ya Isha tunakaa barazani, kikombe kidogo mkononi na kipande cha kashata, wala hatujiulizi kahawa ile imetoka wapi. Leo tuifuate safari yake mpaka ufuko wa Ziwa Tanganyika, kwani ndani yake mna somo juu ya ardhi tuliyopewa na viumbe tuliowakuta humo.

1. MTI WA MSITUNI

Fahamu kwanza kwamba mbuni ni mti wa msituni. Arabika kwao ni milima ya kusini-magharibi mwa Ethiopia, ambako huota chini ya kivuli cha miti mirefu. Katika karne ya 15 masufi wa Yemen waliinywa kahawa ili wakeshe katika dhikri. Mwaka 1511 Kha'ir Beg, gavana wa Makka, akaipiga marufuku na kuichoma, lakini wakubwa wake wa Cairo hawakuiunga mkono marufuku ile. Baadaye mwanachuoni Abdul Qadir al-Jaziri akaandika kitabu kizima kutetea uhalali wake. Ndiyo maana hata majina tumeyapokea kutoka Kiarabu: kahawa ni qahwa, buni ni bunn.

Na huku kwetu, Wahaya wa Kagera walikuwa wakitafuna buni za robusta kabla Mzungu hajafika, na kwa punje hizo watu wakiungana undugu wa kuchanjiana.

2. TEMBO WANNE

Sasa njoo Karema, mkoa wa leo wa Katavi. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika ziwani. Kwa njia hiyo Uislamu uliingia bara. Kwa njia hiyo hiyo zilitoka pembe za ndovu na watumwa. Tusiifiche historia: wafanyabiashara wengi wa njia ile walikuwa Waislamu, na dhulma haiwi halali kwa sababu aliyeitenda anasali.

Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha Mfalme Leopold II, alijenga kituo Karema. Mwaka huo huo mfalme akaleta tembo wanne kutoka India, wakashushwa pwani na kuongozwa bara na mtu aitwaye Carter. Lengo lilikuwa wabebe mizigo mpaka Karema, kisha wasaidie kufuga tembo wa Afrika. Tembo wale wakafa mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1880 Carter naye akauawa vitani, na mradi ukaisha. Mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa kwa mapadri wa White Fathers.

Tafakari, ndugu yangu. Mfanyabiashara alimtazama tembo akaona meno. Mfalme alimtazama akaona mgongo wa kubebea mizigo. Nani alimwona kuwa ni kiumbe cha Allah? Qur'ani inatufundisha kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu sisi.

3. KAHAWA NA SOKWE

Karema yenyewe iko chini, kando ya maji, na ina joto. Arabika inataka ubaridi wa milima. Basi fuata ufuko kwenda kaskazini, upite Mahale, ufike Kigoma, kisha upande milima ya Kalinzi, jirani na Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960. Miaka ilipopita, msitu nje ya hifadhi ulikatwa hata sokwe wakawa kama wamefungiwa kisiwani. Mwaka 1994 taasisi yake ikaanzisha mradi wa TACARE. Ikafahamika kwamba huwezi kumwambia mwenye njaa asikate mti ukaondoka zako. Lazima apate riziki.

Moja ya njia za riziki ilikuwa kahawa. Wakulima wa Kalinzi wakaunganishwa na wanunuzi wanaolipa zaidi kwa ubora, akiwamo Green Mountain wa Marekani, aliyeiuza kahawa ile kwa jina la Gombe. Vijiji navyo vikapanga matumizi ya ardhi na kutenga misitu.

Ubora huo haupatikani kwa ujanja. Unachuma tunda jekundu tu, unalimenya, unaivundika na kuiosha buni, unaianika juu ya vichanja. Mwonjaji huipa alama kati ya 100, na kuanzia 80 ndipo huitwa kahawa maalumu. Ukichanganya mbichi na mbivu, ulimi utakufichua. Hapa mkumbuke Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta chini kumelowa, akatuonya kwamba anayeghushi si katika sisi.

4. SOMO LETU

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Na aliuweka mji wa Madina kuwa haram: miti yake isikatwe, wanyama wake wasiwindwe. Basi kulinda pori si jambo tulilofundishwa na wageni. Ni Sunna tuliyoiacha mpaka wageni wakatukumbusha.

Nawaambia hasa ndugu wa Karema, Ikola na Mpanda. Katika Wilaya yenu ya Tanganyika bado kuna sokwe kwenye misitu ya Ntakata, na vijiji vinane vimekuwa vikilipwa fedha za hewa ukaa kwa kuuacha msitu usimame. Kabla hujashika shoka au kiberiti, jiulize: riziki hii haina njia nyingine? Tembo na sokwe hawana wakili mahakamani, lakini wana Mola.

Usiku wa leo ukishika kikombe chako, sema Bismillah, kisha umwombee dua mkulima aliyeipanda kahawa ile na kuacha kivuli kisimame juu yake.

Allah atujaalie tuwe waaminifu juu ya ardhi yake. Aamin.
Mfikishie na mwenzako. Wallahu a'lam.