Kuanza kwa Mkupuo

Jumapili ya tarehe 28 Aprili 2024, katika kiwanja cha The Grange mjini Adelaide, Australia, wachezaji 54 wa ligi ya gofu ya LIV walisambazwa kwenye mashimo yote 18, watatu kila shimo. Ishara ilipotolewa, makundi yote yalianza raundi dakika ileile, waliokuwa shimo la 1 sawasawa na waliokuwa shimo la 11. Saa kadhaa baadaye walimaliza kwa kukaribiana, mikwaju ikajumlishwa, na timu mbili zikakutwa zimefungana kileleni: Ripper ya Waaustralia watupu na Stinger ya Waafrika Kusini watupu. Ikabidi wawili wa kila upande warudi uwanjani. Cameron Smith na Marc Leishman waliwakabili Louis Oosthuizen na Dean Burmester, na wenyeji wakashinda kwenye shimo la pili la nyongeza. Ligi hiyo ilikuwa haijawahi kuamua ushindi wa timu kwa njia hiyo.

Namna ile ya kuanza, makundi yote kwa dakika moja kila kundi kwenye shimo lake, ina jina la bunduki katika lugha ya Kiingereza. Wachezaji wetu wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wamelichukua jina hilo lilivyo. Wanasema leo ni shotigani, tunaanza shotigani saa mbili asubuhi. Anayecheza gofu anaelewa. Asiyecheza anasikia silaha. Na kwa kuwa gofu sasa inasimuliwa kwa Kiswahili magazetini na redioni zaidi kuliko zamani, jambo hili linahitaji jina ambalo msikilizaji atalielewa bila kwanza kuingia klabuni. Ninapendekeza tuseme kuanza kwa mkupuo.

Ili istilahi ikae vizuri, tuanze na kinyume chake. Mashindano makubwa ya gofu ya kulipwa kwa kawaida huanza kwa zamu. Wachezaji hupangwa wawili wawili au watatu watatu, kila kundi likapewa saa yake, na makundi yakaachana kwa dakika kumi hivi. Yanaanzia shimo la 1, au yakiwa mengi, mengine yanaanzia shimo la 10. Wachezaji wakiwa 150 na zaidi, kundi la kwanza linaanza asubuhi na mapema na la mwisho linamaliza jua likielekea kuzama. Siku ya mwisho mpangilio hugeuzwa ili wanaoongoza waondoke mwisho. Kwa hiyo shindano linajikunja kuelekea shimo la 18, na mtazamaji aliyekaa hapo anawaona wachezaji wote wakipita mbele yake, bingwa akiwa wa mwisho au karibu na mwisho.

Kuanza kwa mkupuo kunauvunja mpangilio huo. Kila shimo linakuwa shimo la kuanzia la kundi fulani. Aliyeanza shimo la 5 atazunguka hadi la 18, ataingia la 1, na raundi yake itaishia shimo la 4. Raundi nzima ya uwanja mzima inakwisha kwa saa nne na nusu au tano.

Jina la Kiingereza lina asili yake. Inasimuliwa kwamba mwaka 1956, katika klabu ya Walla Walla, jimbo la Washington nchini Marekani, mwalimu mkuu wa gofu wa klabu hiyo, Jim Russell, alifyatua bunduki hewani ili waliotawanyika uwanjani wajue kwamba muda wa kuanza umefika. Mlio huo mmoja ulisikika kwenye kila shimo. Leo klabu nyingi hutumia honi au king'ora, na nyingine hutegemea saa tu, lakini jina la bunduki limebaki. Wapo pia wanaolieleza jina hilo kwa njia nyingine: bunduki ya aina hiyo haitoi risasi moja, inatoa marisau yanayotawanyika, kama wachezaji wanavyotawanyika mashimoni.

Maelezo hayo mawili yanatuonyesha njia mbili ambazo mtu angeweza kuzifuata. Ya kwanza ni ya mlio: kuanza kwa bunduki, au kwa king'ora. Udhaifu wake ni kwamba inashika chombo cha kutolea ishara badala ya jambo lenyewe, na chombo hubadilika. Mbio za mita 100 nazo huanza kwa mlio wa bastola, lakini hakuna anayedai kwamba mbio hizo na mkupuo wa gofu ni kitu kimoja. Njia ya pili ni ya mtawanyiko: kuanza kwa marisau. Neno hili nalipenda. Ni la kale, ni letu, na mwindaji wa kanga analijua. Lakini vijana wengi wa leo hawajalisikia, na anayelisikia anapata picha ya kutawanyika peke yake. Picha ya wakati mmoja, ambayo ndiyo roho ya jambo, inampotea.

Lipo pendekezo la tatu, ambalo ndilo linalomjia mtu upesi zaidi: kuanza kwa pamoja. Hili ndilo ninalolikataa kwa nguvu kuliko yote, kwa sababu linaelekea kuwa sahihi na linapotosha. Tukisema watu wameanza kwa pamoja, tunawaona wamejikusanya mahali pamoja, kama wakimbiaji wa marathoni nyuma ya mstari mmoja. Wacheza gofu hawa hawako mahali pamoja hata kidogo. Wengine wametengana kilometa nzima, miti na mabwawa yakiwa katikati yao. Wanachoshirikiana ni dakika. Ni kama futari: adhana ya Magharibi inasikika, na kila nyumba inafungua saumu kwenye mkeka wake.

Mkupuo unalisema hilo. Neno linatokana na kitenzi kukupua, yaani kukung'uta kwa nguvu, na katika matumizi ya kila siku kwa mkupuo ni kwa mara moja, bila kugawa hatua kwa hatua. Mtu hunywa dawa kwa mkupuo. Wafanyakazi wa Tanzania wanalijua vizuri tangu mjadala mkali wa kikokotoo cha pensheni wa mwaka 2018: kiasi gani mstaafu alipwe kwa mkupuo, na kiasi gani apewe kidogo kidogo kila mwezi. Mkupuo na mwezi kwa mwezi, ndivyo watu walivyolinganisha. Gofu ina ulinganisho uleule: mkupuo na zamu. Istilahi zikija mbili mbili namna hii, kila moja ikimulika nyenzake, msomaji hahitaji tanbihi.

Sasa turudi kwenye ligi, maana huko ndiko mtindo huu ulikopata kazi mpya. Kwa miaka mingi mkupuo ulikuwa desturi ya gofu ya ridhaa. Kampuni inaalika wateja wake, benki inafanya shindano la hisani, na watu wote wanatakiwa warudi ukumbini kwa wakati mmoja wale chakula na kushuhudia zawadi zikitolewa. Gofu ya kulipwa iliutumia kwa nadra, hasa mvua au giza lilipoharibu ratiba. LIV ilipoanza mwezi Juni 2022 katika kiwanja cha Centurion karibu na London, ikigharimiwa na Mfuko wa Uwekezaji wa Umma wa Saudi Arabia, iliufanya mkupuo kuwa kanuni ya kila raundi. Wachezaji walikuwa 48 katika timu 12 za watu wanne. Charl Schwartzel wa Afrika Kusini alishinda, na timu yake ya Stinger ikashinda upande wa timu. Fungu la zawadi la wiki ile lilikuwa dola milioni 25, na fedha hizo ndizo zilizojaza mazungumzo ya dunia, pamoja na maswali mazito kuhusu nani anazitoa na kwa nini. Maswali hayo ni ya haki. Lakini yalifunika badiliko la kiufundi ambalo mimi naliona kubwa.

Badiliko hilo ni hesabu ya timu. Katika msimu wa 2024 ligi ilikuwa na timu 13 za watu wanne na wachezaji wawili wasio na timu, jumla 54. Gawanya kwa watatu, unapata makundi 18, kundi moja kwa kila shimo, hakuna linalobaki wala linalosubiri. Namba 54 ndiyo hiyo iliyoandikwa kwa tarakimu za Kirumi katika jina la ligi. Ni idadi ya mashimo ya siku tatu, na ni mikwaju ambayo mtu angetumia kama angepunguza mkwaju mmoja kwenye kila shimo la kiwanja cha kiwango cha 72. Katika raundi mbili za kwanza za mwaka huo, alama za watu watatu bora wa timu ndizo zilizohesabiwa, na siku ya mwisho zikahesabiwa zote nne. Mwaka 2025 kanuni ilikazwa: zote nne, kila siku.

Fikiria hesabu hiyo chini ya mpangilio wa zamu. Mwenzako mmoja angemaliza saa sita mchana, wa pili saa nane, nahodha akaingia shimo la 18 saa kumi na moja. Jumla ya timu ingekuwa inakusanywa vipande vipande siku nzima, na mtazamaji asingejua timu gani inaongoza hadi wa mwisho aandike kadi yake. Chini ya mkupuo, wanne wote wako uwanjani saa zilezile, kila mmoja na shimo lake. Mkwaju uliopotea shimo la 7 unaweza kufidiwa shimo la 15 dakika hiyohiyo na mtu mwingine wa jezi ileile. Jumla ya timu inapanda na kushuka mbele ya macho. Msimu wa 2024 ulipofika mwisho, mwezi Septemba kwenye kiwanja cha Maridoe karibu na Dallas, Ripper walitwaa ubingwa wa timu kwa gofu ya namna hiyo: Smith, Leishman, Matt Jones na Lucas Herbert, kila mmoja akihesabika. Jon Rahm, aliyekuwa bingwa wa mchezaji mmoja mmoja mwaka ule, ubingwa wake hauhitaji mkupuo kueleweka. Ule wa timu unauhitaji.

Kuhusu haki ya mchezo, mkupuo unatoa na unachukua. Unawapa wote hali ya hewa moja. Anayecheza gofu Pwani anajua tofauti kati ya asubuhi iliyotulia na alasiri yenye upepo wa baharini, na katika mashindano ya zamu bahati ya saa uliyopangiwa inaweza kukugharimu mikwaju kadhaa kabla hujagusa mpira. Lakini mkupuo hauwapi wote safari moja. Mmoja anafungua raundi na shimo fupi la mikwaju mitatu, mwingine na refu la mikwaju mitano. Mmoja anamalizia kwenye shimo gumu kuliko yote uwanjani, mwingine kwenye jepesi. Ligi huwaanzisha viongozi shimo la 1 siku ya mwisho ili wamalizie la 18, na hilo linaokoa sehemu ya msisimko wa zamani. Sehemu tu. Kwa ubingwa wa mtu mmoja bado naupenda mpangilio wa zamu, ule ambao aliyemaliza kwanza hukaa akisubiri, hajui kama alama yake itatosha, na hawezi tena kufanya lolote.

Kwa mtangazaji na mwandishi, istilahi hii inadai adabu mpya ya kusimulia. Katika zamu, kusema kwamba mchezaji yuko shimo la 14 kunatosha, kwa sababu msikilizaji anajua yamebaki manne. Katika mkupuo sentensi hiyohiyo haina habari ndani yake. Aliye shimo la 14 anaweza kuwa ndiyo kwanza anaanza, au ndilo la mwisho kwake. Kwa hiyo tutaje mashimo aliyobakiza, si shimo alilopo: amebakiza matatu, timu yake kwa jumla imebakiza kumi na mawili. Shimo alilopo litajwe pale tu ambapo ugumu wake una maana kwa kinachofuata.

Novemba 2025 ligi ilitangaza kwamba kuanzia 2026 mashindano yake yatakuwa ya siku nne na mashimo 72. Siku zimeongezeka, na jina la 54 limeachana na hesabu lililozaliwa nayo. Maana ya mkupuo haikuguswa, kwa sababu haitegemei idadi ya siku wala ya watu.

Klabu zetu, kwa upande wao, zina hali ambayo ligi ya watu 54 haikuwa nayo. Shindano la hisani likiwa na wachezaji 120 katika makundi ya wanne, makundi ni 30 na mashimo ni 18, hivyo mashimo 12 yatapewa makundi mawili mawili. Kwenye karatasi za ratiba huandikwa herufi baada ya namba ya shimo: 10A, 10B. Kundi la pili husubiri la kwanza lipige na kusogea mbele, ndipo nalo lipige. Hapo ndani ya mkupuo kuna zamu ndogo, na maneno hayo mawili yanatosha kulieleza: mkupuo wa saa mbili, zamu ya pili shimo la 10. Klabu inayopokea watu wengi zaidi huwagawa, na itasema mkupuo wa asubuhi na mkupuo wa mchana.