Tairi Gani kwa Jeep ya Mwaka 1944?

Mwanzoni mwa muhula huu chama chetu kilipata ombi ambalo hatukulitarajia. Mzee mmoja Mwingereza anayeishi jirani na chuo ana gari la Jeep lililotengenezwa mwaka 1944, na kwa miaka kadhaa amekuwa akilifufua kwa mikono yake mwenyewe. Kila Novemba hulipeleka kwenye maonyesho ya kumbukumbu ya vita. Safari hii aliamua kulichora kichwa cha kifaru, alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopigana Burma, na akatuomba tumwandikie kibao cha maelezo kwa Kiswahili na Kiingereza. Tulikubali bila kusita. Tulipokwenda kuliona gari tulilikuta limeinuliwa juu ya magogo, halina hata gurudumu moja. Matairi ya zamani yalilala pembeni, yamepasukapasuka ubavuni kama tope lililokauka. Kabla ya kibao, mzee alitaka tumsaidie kuamua jambo moja: alivishe gari lake tairi gani?

Baadhi yetu tulicheka. Tairi si tairi tu? Lakini swali hilo lilituchukua wiki tatu za majadiliano, likatupeleka Burma, Kongo na Muheza, na nusura litufanye tuandike uongo kwenye kibao. Tunawasimulia hapa tulivyofika na tulivyorudi.

Tuanze na tairi lenyewe. Jeep za vita, zilizotengenezwa na Willys na Ford kati ya mwaka 1941 na 1945, zilizidi 600,000. Tairi lake la kijeshi lilikuwa la kipimo cha 6.00-16, yaani upana wa inchi 6 na rimu ya inchi 16. Ni tairi jembamba ukililinganisha na ya magari ya siku hizi. Meno yake ni mapande manene ya mpira yanayotoka katikati kwenda ubavuni, moja kulia, moja kushoto, kwa kupokezana. Jeshi la Marekani liliyaita matairi yasiyo na mwelekeo, kwa sababu meno hayo hayana mbele wala nyuma. Trekta la shambani lina meno ya mshale; ukilifunga tairi lake kinyume, nguvu inapungua. Hili la Jeep ukilifunga kushoto au kulia ni sawa, na gari likikwama matopeni linashika vilevile kwa gia ya mbele na ya kurudi nyuma. Kwa jeshi lenye malaki ya magari, faida ya kuwa na spea moja inayokubali kila upande haihitaji maelezo marefu. Kuna hadithi inayopendwa kwenye maonyesho, kwamba meno yalichongwa hivyo ili adui akiona alama barabarani asijue gari limekwenda au limerudi. Ni hadithi tamu, lakini sababu za kiufundi zinatosha bila yake.

Mzee alikuwa na njia tatu mbele yake.

Ya kwanza ni kutafuta matairi halisi ya wakati wa vita. Bado yapo kwa wakusanyaji, na kwa macho hakuna kinachoyazidi. Lakini mpira huzeeka hata ukiwekwa ghalani. Hukauka, hupasuka, na tabaka za kitambaa zilizomo ndani huachana. Tairi la miaka 80 linafaa jumba la makumbusho, si barabara yenye watoto wanaovuka.

Ya pili ni tairi la kisasa la radiali. Katika tairi la zamani nyuzi za ndani hupita kimshazari na kukatana. Katika radiali hupita moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu, na juu yake kuna mkanda wa chuma. Radiali hukaa vizuri zaidi barabarani na hudumu zaidi. Lakini Michelin walisajili uvumbuzi huo mwaka 1946 na kuanza kuuza matairi yake mwaka 1949. Kumvisha Jeep wa mwaka 1944 radiali ni kama kumpiga picha askari wa Keya akiwa na simu ya mkononi mfukoni.

Ya tatu ni tairi jipya lililotengenezwa kwa mtindo wa kale: meno yaleyale, kipimo kilekile, nyuzi za kimshazari na tyubu ndani. Viwanda kadhaa bado vinayatengeneza kwa ajili ya watu kama mzee wetu. Kasoro yake ni ileile ya babu yake. Kwenye lami iliyolowa, mapande yale manene hayagusi barabara sana, kwa hiyo gari huteleza na breki huchelewa. Pia hunguruma, hata wawili mlioketi kiti kimoja mnapigiana kelele. Anayeyachagua lazima akubali kwenda polepole, na abadilishe yote kwa pamoja, maana kuchanganya radiali na nyuzi za kimshazari kwenye ekseli moja ni hatari, na sheria ya hapa inakataza. Asome pia tarehe ubavuni: tangu mwaka 2000 tarakimu nne huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi laweza kuitwa jipya dukani na kumbe limekaa ghalani miaka minane.

Mpaka hapo mambo yalikuwa mepesi, na sote tuliegemea njia ya tatu. Ugumu ulianza mwenzetu mmoja alipouliza: mpira wa matairi ya mwaka 1944 ulitoka wapi?

Dada yetu anayetoka Muheza alijibu papo hapo kwamba ulitoka kwao. Wasomaji wengi wa Tanzania wanakijua kisamvu cha mpira. Mti ule ni ndugu wa muhogo, na asili yake ni Brazil. Wajerumani waliupanda kwa wingi katika nyanda za Tanga wakitarajia utajiri wa matairi, kwa kuwa tangu Dunlop alipotengeneza tairi la upepo mwaka 1888 dunia ilikuwa haishibi mpira. Mwaka 1913 bei ilianguka kwa sababu ya mpira wa mashamba ya Asia, na mashamba mengi ya Tanga yakaachwa. Miti ikabaki, watu wakageukia majani yake. Vita Kuu ya Pili vilipokuja, serikali ya kikoloni ya Tanganyika ikaikumbuka tena. Watu wakachukuliwa kwa kanuni za vita kufanya kazi ya lazima katika mashamba ya mkonge na ya mpira.

Ndugu yetu wa Kindu alikuwa na yake. Kwao neno mpira halitajwi na wazee kwa wepesi. Chini ya Mfalme Leopold, hadi mwaka 1908, vijiji vya Kongo vilitozwa mpira wa mitambaazi ya porini, jamaa wa mbungo tunaokunywa maji yake. Waliopungukiwa walishikiwa wake zao, walichapwa, na picha za mikono iliyokatwa zilizunguka dunia nzima. Watoto wa Kongo walidhani yamekwisha. Mwaka 1942 Wabelgiji waliongeza siku za kazi ya lazima kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa msituni kutafuta mpira uleule wa porini.

Sababu ya haya yote ilikuwa mbali. Desemba 1941 Wajapani waliivamia Malaya, na tarehe 15 Februari 1942 Singapore ikaanguka. Marekani ilipoteza takriban asilimia 90 ya mpira wake wa asili. Tairi likawa kitu cha kwanza kuuzwa kwa mgawo nchini humo, Januari 1942, kabla ya sukari na nyama. Washirika wakabaki na Ceylon, na popote pengine penye mti unaotoa utomvu. Ndiyo maana mkono wa serikali ulifika hadi Muheza na hadi misitu ya Kongo.

Hapo tulisisimka. Tuliona kibao chetu kimekwisha kuandikwa: askari wetu walipigana Burma juu ya matairi ya mpira wa nyumbani, uliokamuliwa na ndugu zao. Tuliandika sentensi hiyo, tukaipenda, tukampelekea mwalimu wetu.

Mwalimu aliirudisha na swali moja pembeni: mmeihakiki?

Hatukuwa tumeihakiki. Tulipoichunguza, ilivunjika. Marekani haikukaa kusubiri utomvu wa Afrika. Ilijenga kwa haraka viwanda vya mpira wa kutengenezwa kwa kemikali za mafuta ya petroli na alkoholi, na mwaka 1944 vilitoa zaidi ya tani 700,000. Mpira huo ulikuwa na udhaifu mmoja: hupata joto haraka. Katika tairi dogo joto hilo lilivumilika. Katika tairi kubwa la lori zito au la ndege lilikuwa hatari. Kwa hiyo mpira wa asili uliwekewa matairi makubwa, na yale madogo yakatengenezwa kwa ule wa viwandani. Tairi la Jeep ni dogo. Uwezekano mkubwa ni kwamba matairi ya gari la mzee yalipotoka kiwandani mwaka 1944 hayakuwa na utomvu wowote wa kutajika, si wa Muheza wala wa Kindu.

Tulihuzunika kidogo, hatutaficha. Mmoja wetu alisema nani atajua, kibao kinasomwa na watu wanaopita wakila chipsi. Mwingine akamjibu kwamba sisi ndio tunaolalamika kila mwaka kuwa historia yetu imeandikwa na wengine wapendavyo; basi nasi tusianze kuiandika tupendavyo.

Na kwa kweli hatukuhitaji uongo. Lililo hakika linatosha. Divisheni ya 11 ilikusanya askari wa Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, pamoja na wenzao wa Rhodesia ya Kaskazini. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha watu wa makabila mengi, hata kikazaa lahaja ya kambini ambayo walimu wetu wa isimu huipenda. Mwaka 1943 walipelekwa Ceylon kwa mazoezi, kisiwa ambacho wakati huo kilikuwa tegemeo kubwa kabisa la Washirika kwa mpira wa asili. Kuanzia Agosti 1944, katikati ya mvua za masika ya Asia, waliteremka bonde la Kabaw wakiwafukuza Wajapani. Barabara iligeuka uji. Walikata magogo na kuyatandika juu ya tope ili magari yapite, na chakula kingi kilidondoshwa kwa ndege. Meno ya matairi yalisaidia pale yaliposaidia; penginepo gari lilisukumwa na mabega. Malaria na homa nyingine ziliwaangusha wengi. Pamoja nao ilikuwapo hospitali ya uwanjani kutoka Kongo ya Wabelgiji, yenye wauguzi Wakongo. Mapema Desemba waliingia Kalewa, na hapo juu ya mto Chindwin likajengwa daraja la chuma la urefu wa karibu mita 350 ambalo jeshi la Slim lilipitia.

Kwa hiyo Mwafrika yumo katika kisa hiki mara mbili: katika tope la Kabaw kama askari na muuguzi, na katika mashamba na misitu kama mkamuaji aliyelazimishwa ili malori na ndege zipate matairi. Ni watu wa vita vimoja. Hawakuhitaji kukutana kwenye gurudumu moja ndipo wastahili kutajwa pamoja.

Mzee alinunua matairi mapya ya mtindo wa kale, matano pamoja na spea. Tulimsaidia kuyafunga. Rimu za kijeshi za Jeep wake zina vipande viwili vilivyofungwa kwa boliti, ili tairi lisichomoke likipata pancha. Naye alitusimamia kwa ukali, hakuna kugusa boliti kabla upepo haujatoka wote, kwani rimu ikifunguka na upepo ndani huruka na kuua. Siku ya maonyesho italetwa na trela kama kuna mvua. Kibao kitasomeka hivi:

“Jeep, 1944. Alama ya kifaru ni ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, Burma. Matairi haya ni mapya, yametengenezwa kwa mtindo wa wakati wa vita. Tairi dogo kama hili mwaka 1944 lilitengenezwa zaidi kwa mpira wa viwandani. Mpira wa asili uliwekewa matairi makubwa. Sehemu yake ilikamuliwa kwa kazi ya lazima Tanganyika na Kongo. Tunawakumbuka waliopigana na waliokamua.”

Mzee aliusoma mara mbili. Akasema ni mrefu kuliko alivyotaka, kisha akaenda kutafuta ubao mkubwa zaidi.

Wasomaji ambao nyumbani kwao kuna picha, barua au kisa cha babu wa Keya, au cha bibi aliyekumbuka mashamba ya mpira, tunawaomba mtuletee kabla ya mwisho wa Oktoba. Nyuma ya ubao kumebaki nafasi.