Kiti Walichomnyima Bahati

Matatu za Nyahururu zikitoka mjini Nakuru hupanda mdogo mdogo hadi Maili Kumi, kituo ambacho jina lake ni kipimo cha barabara. Hapo ndipo Bahati. Huku na huku ni vishamba vya mahindi, viazi na kabichi, ua ukigusana na ua, na ng'ombe wa maziwa kafungwa nyuma ya nyumba. Enzi za mkoloni hapa palikuwa na mashamba makubwa ya walowezi, na Mwafrika aliishi humo kama skwota au kibarua. Anayetaka kujua jinsi Susan Kihika alivyotoka kwenye kiti cha Spika wa bunge la kaunti hadi kiti cha gavana wa Nakuru hana budi kuanzia kwenye vishamba hivi. Siasa ya huku ilipandwa pamoja navyo.

Baba yake, Dickson Kihika Kimani, alikuwa mtu wa ardhi kwanza, mwanasiasa baadaye. Wazungu walipoanza kuuza mashamba yao, mwananchi wa kawaida hakuwa na uwezo wa kununua hata kona ya shamba moja. Dawa ikawa kampuni za kununua ardhi. Watu walichanga, wakapewa hisa, shamba likanunuliwa kwa jina la kampuni, kisha likakatwa vipande na kila mwenye hisa akangoja chake. Ya Kihika iliitwa Ngwataniro-Mutukanio. Jina hilo la Kikikuyu lina maana ya kushikana na kuchanganyika. Aliyeshika daftari la wanachama alikuwa ameshika pia orodha ya wapiga kura, na mwaka 1974 Kihika akawa mbunge wa Nakuru Kaskazini, eneo lililojumuisha Bahati. Kati ya aliowashinda alikuwamo kijana mmoja mkali wa maneno, Koigi wa Wamwere, ambaye mwaka uliofuata aliwekwa kizuizini.

Jina la Kihika lilivuma nchi nzima mwaka 1976. Mzee Kenyatta alikuwa amezeeka, na katiba ilisema kwamba rais akifariki, makamu wake angeshika usukani kwa siku 90. Makamu huyo alikuwa Daniel arap Moi, mwana wa Bonde la Ufa. Mwezi Septemba kundi la wanasiasa, Kihika akiwa mstari wa mbele pamoja na akina Njoroge Mungai, Njenga Karume na Paul Ngei, lilifanya mkutano mjini Nakuru kudai kifungu hicho kibadilishwe. Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo aliwazima mwezi uliofuata kwa kuwakumbusha kwamba kuwazia kifo cha rais ni kosa linaloweza kumpeleka mtu kitanzini. Kenyatta alifariki Agosti 1978, Moi akaingia Ikulu, na Desemba mwaka huo Koigi akaachiliwa. Katika uchaguzi wa 1979 Koigi alimwangusha Kihika katika Nakuru Kaskazini. Mzee hakutoka ulingoni. Baadaye aliwakilisha Laikipia Magharibi, kisha Molo, na akafariki mwaka 2004.

Wakati huo binti yake alikuwa Marekani. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Southern Methodist, Texas, akafanya kazi ya uendeshaji mashtaka huko Dallas. Aliporudi nyumbani, Kenya ilikuwa na katiba mpya ya 2010, kaunti 47 na vyeo ambavyo baba yake hakuvijua: gavana, seneta, mwakilishi wadi. Bahati nayo ilikuwa sasa eneo bunge kamili, na Susan akaamua kujaribu ubunge hapo mwaka 2013. Kiti kilimwendea Onesmus Kimani Ngunjiri.

Ndipo mlango wa pembeni ulipofunguka. Kifungu cha 178 cha katiba kinasema Spika wa bunge la kaunti huchaguliwa na wawakilishi, lakini asiwe mmoja wao. Hahitaji kura hata moja ya Maili Kumi au Dundori. Nakuru ina wadi 55, na ukiongeza wawakilishi walioteuliwa, jumla yao haijazi hata mabasi mawili. Hao ndio waliohitaji kushawishiwa. Susan Kihika akavaa joho, siwa ikawekwa mbele yake, na aliyekataliwa na eneo bunge moja akawa kiongozi wa bunge la kaunti nzima.

Kwa sheria, kiti hicho ni cha mwamuzi. Spika huwapa wengine nafasi ya kusema na hapigi siasa za wadi. Lakini kila mwakilishi hurudi kwao akiwa na habari za Spika, na kila mzozo na gavana humpitia yeye. Kwa miaka minne Kihika alijulikana katika wadi zote 55, jambo ambalo mbunge wa Bahati asingelipata kwa urahisi. Njia hiyo wengine wameipita mbali na hapa. Calvin Coolidge alikuwa rais wa Seneti ya jimbo la Massachusetts kabla ya kuwa gavana, kisha rais wa Marekani mwaka 1923.

Si kila ngazi hupanda juu, hata hivyo. Beatrice Elachi aliipita njia hiyo kinyumenyume: kwanza kiranja wa walio wengi katika Seneti, kisha Spika wa bunge la kaunti ya Nairobi mwaka 2017. Wawakilishi walipiga kura ya kumng'oa mwaka uliofuata, na Agosti 2020 akajiuzulu. Alirudi mwaka 2022 kama mbunge wa Dagoretti Kaskazini.

Kihika aligombea useneta wa Nakuru mwaka 2017 na kushinda. Katika uchaguzi wa 2013 hakuna mwanamke hata mmoja aliyekuwa amechaguliwa seneta. Safari hii walikuwa watatu, yeye, Margaret Kamar wa Uasin Gishu na Fatuma Dullo wa Isiolo. Chama chake, Jubilee, kikampa ukiranja wa walio wengi katika Seneti. Kisha ikaja handisheki ya Machi 2018, maridhiano kati ya Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga, chama kikagawanyika kati ya Kieleweke, kambi ya Uhuru, na Tangatanga, kambi ya Naibu Rais William Ruto, na Kihika akabaki na Ruto. Mei 2020 alivuliwa cheo, nafasi yake ikachukuliwa na Irungu Kang'ata, ambaye naye alivuliwa miezi michache baadaye.

Wazee wa Nakuru wenye kumbukumbu waliona kisa hicho kwa jicho la pili. Mwaka 1976 Mzee Kihika alipigana ili naibu kutoka Bonde la Ufa asirithi nchi. Miaka 44 baadaye binti yake alipoteza cheo kwa kusimama na naibu kutoka Bonde la Ufa.

Agosti 2022, kwa tiketi ya UDA, chama cha Ruto, Kihika alimbwaga Gavana Lee Kinyanjui wa Jubilee. Akawa mmoja wa magavana wanawake saba waliochaguliwa nchini mwaka huo, kutoka watatu wa 2017. Bunge alilokuwa akiliongoza sasa ndilo linalokagua bajeti zake, na mtu mwingine ndiye anayekalia kiti kile cha mbele.

Bahati nayo ilipiga kura siku hiyo hiyo. Ngunjiri, mtu aliyemshinda Kihika mwaka 2013, sasa alikuwa upande wake, chini ya UDA. Alipoteza kiti chake kwa Irene Njoki, mgombea wa Jubilee.